ESTROJENI NA MOTO WA CHEMBE NYEUPE ZA DAMU

Wahenga walinena kuwa kupotea njia ndiko kujua njia. Mimi nilipotea, na aliyekaribia kuumia kwa sababu yangu ni mama yangu mzazi. Kwa hivyo mlezi wa chama chetu alipotangaza kwamba anahitaji makala za sayansi katika toleo hili, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nilikuwa na deni la kulipa.

Kisa chenyewe ni hiki. Likizo ya Desemba nilimkuta mama hana raha hata kidogo. Umri wake ni miaka 51, na hedhi yake ilikuwa imekoma. Usiku aliamka akiwa ametota jasho, akafungua dirisha ilhali nje kulikuwa na baridi. Mchana, akiwa sokoni, joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, akawa anajipepea kwa kipande cha katoni huku wateja wakimkodolea macho. Jirani yetu akamhurumia, akamletea mchuuzi mmoja aliyebeba mkoba uliojaa chupa za vidonge.

Mchuuzi yule alikuwa na maneno matamu kama asali. Alidai kwamba ndani ya vidonge vile mna estrojeni ya mimea, ambayo humaliza radikali huru zote mwilini. Eti mwanamke akishaishiwa na estrojeni, radikali hizo humtafuna moyo na mishipa ya damu kama mchwa anavyotafuna boriti. Akaongeza, bila haya, kwamba anayemeza vidonge vyake hana haja tena na dawa za presha. Bei ya chupa ilikuwa shilingi 2,800.

Alipotoka, mama alinigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma Biolojia. Hizo radikali huru ni kitu gani? Na ni kweli estrojeni huziua?"

Muhula uliotangulia nilikuwa nimepata alama 81 katika Biolojia. Lakini yote niliyoyajua niliyajua kwa Kiingereza, na tena kwa kukariri. Nilitafuta maneno ya kumweleza mama nikayakosa. Badala ya kukiri kuwa sijui, nikajikaza kisabuni: "Mama, radikali huru ni sumu. Zikiisha mwilini ni heri." Basi mama akatoa pesa alizokuwa amezidunduliza kwenye chama chao cha akina mama, akanunua chupa. Mimi nikarudi shuleni kifua mbele, nikijiona daktari.

Muhula ulipoanza nilimsimulia mwalimu wetu wa Biolojia, nikitarajia sifa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kama radikali huru ni sumu tupu, mbona chembe nyeupe za damu yako zinazitengeneza kwa makusudi?"

Nilibaki kinywa wazi. Tangu siku hiyo sikutulia hadi nilipolielewa jambo hili. Hebu nikueleze kama ambavyo ningestahili kumweleza mama.

RADIKALI HURU NI NINI?

Kila kitu kimeundwa kwa atomi, na ndani ya atomi mna elektroni. Elektroni hupenda kukaa mbili mbili, kama pati-pati za miguuni. Radikali huru ni atomi au molekuli iliyobaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Sasa fikiria bwenini asubuhi ya Jumatatu. Mwanafunzi mmoja amepoteza pati moja. Kengele inalia, anachelewa, basi ananyakua pati moja ya jirani yake. Jirani naye ananyakua ya mwingine. Kabla ya dakika tano bweni zima lina vurugu. Radikali huru hufanya vivyo hivyo: huinyang'anya molekuli ya jirani elektroni, na iliyonyang'anywa hugeuka radikali pia. Vurugu hiyo ikipita kwenye mafuta ya utando wa chembe, kwenye protini au kwenye DNA, uharibifu hutokea.

Radikali huru si jambo la jana. Mwaka 1900 mwanakemia Moses Gomberg, akiwa Marekani, ndiye aliyeeleza kwa mara ya kwanza radikali ya kaboni inayoweza kudumu peke yake. Mwaka 1956 Denham Harman alipendekeza kwamba uzee husababishwa na uharibifu wa radikali hizi. Tangu hapo jina lao likaharibika, na wauzaji wa vidonge wakapata la kusema.

ASKARI NA MOTO WAKE

Twende sasa kwenye damu. Milimita moja ya ujazo wa damu, yaani tone dogo mno, huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi kwa mtu mzima mwenye afya. Chembe hizi ziko za aina kadhaa. Zile ambazo kwa kawaida ni nyingi zaidi huitwa nutrofili. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa na maisha yake ni mafupi. Kazi yake ni kukimbilia mahali ambapo bakteria wameingia, kuwameza na kuwaua.

Aliyetufumbua macho kuhusu kumeza huku ni Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba ndani ya vibuu vya kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kesho yake akaona chembe zimeizunguka miiba hiyo kama askari waliozingira jambazi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Lakini bakteria akishamezwa, huuawa kwa silaha gani? Mwaka 1933 Baldridge na Gerard walichanganya chembe nyeupe za mbwa na bakteria, wakaona chembe zimeanza kuvuta oksijeni nyingi kupita kawaida. Mwaka 1973 Bernard Babior na wenzake wakaonyesha sehemu ya oksijeni hiyo inakokwenda: chembe hizo huigeuza kuwa supaoksaidi, ambayo ni radikali huru.

Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho oksidesi ya NADPH. Wakati wa amani sehemu zake hukaa mbalimbali ndani ya nutrofili, kama bunduki iliyofunguliwa. Bakteria anapomezwa na kufungiwa ndani ya kifuko, sehemu hizo huungana kwenye utando wa kifuko. Kimeng'enya huchukua elektroni kutoka kwa NADPH na kuipa oksijeni, na hapo supaoksaidi huzaliwa. Supaoksaidi hubadilika kuwa haidrojeni peroksaidi. Kisha kimeng'enya kingine, mieloperoksidesi, huiunganisha peroksaidi hiyo na chumvi ya kloraidi na kutoa asidi ya haipoklorasi. Hii ni jamaa ya karibu ya ile dawa ya klorini tunayotia majini tunapofua shati nyeupe za shule! Tena mieloperoksidesi ina rangi ya kijani, na ndiyo moja ya sababu za usaha kuonekana wa kijani. Peroksaidi na asidi hiyo si radikali kamili, lakini ni za ukoo mmoja na hufanya kazi pamoja.

Je, moto huo ukikosekana? Wapo watoto wanaozaliwa na oksidesi isiyofanya kazi. Nchini Marekani hukadiriwa kuwa mtoto 1 kati ya 200,000 hivi. Nutrofili zao huwameza bakteria na kuvu vizuri tu, lakini zinashindwa kuwaua wengi wao. Watoto hao hupata majipu na maambukizi makali ya mapafu na ini mara kwa mara. Wengi wao ni wavulana, kwa kuwa jeni inayohusika mara nyingi iko katika kromosomu X. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba radikali huru zikiisha ni heri. Kumbe zikiisha kabisa ni balaa!

Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Moto huohuo ukivuja nje ya kifuko au ukiwaka bila adui, huunguza tishu za mwenye nyumba. Haya huonekana katika viungo vinavyovimba kwa baridi yabisi na katika kuta za mishipa ya damu. Kwa hiyo mwili una wazima moto wake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich waligundua kazi ya kimeng'enya kinachoiondoa supaoksaidi haraka sana. Vitamini C na E za chakula husaidia pia. Afya basi ni moto wa kadiri: uwake palipo na adui, uzimwe asipokuwepo.

ESTROJENI INAINGIAJE HAPA?

Nilipouliza swali hili darasani, wavulana waliokaa nyuma walicheka, eti hayo ni mambo ya wasichana. Mwalimu akawanyamazisha kwa jambo ambalo hawakulitarajia: hata wao wana estrojeni. Mwili wa mwanamume hugeuza sehemu ya testosteroni yake kuwa estrojeni. Tena kwa kawaida mwanamume mzee huwa na estrojeni nyingi katika damu kuliko mwanamke mzee aliyekoma hedhi. Kicheko kikaisha.

Kwa mwanamke, estrojeni hutoka hasa kwenye ovari. Hupanda na kushuka kila mwezi, huongezeka maradufu nyingi wakati wa ujauzito, na hupungua sana hedhi inapokoma. Estrojeni ya kwanza ilipatikana ikiwa safi mwaka 1929, na waliofanikiwa ni Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kivyake. Iliyo na nguvu zaidi mwilini huitwa estradioli.

Homoni ni ujumbe, na ujumbe huhitaji mpokeaji. Estrojeni ina vipokezi viwili vikuu ndani ya chembe, alfa na beta. Hicho cha pili kiligunduliwa mwaka 1996 nchini Uswidi. Nutrofili zetu zina vipokezi vyote viwili. Maana yake ni kwamba askari wa damu husikia estrojeni inaposema.

Husema nini? Kwanza, kupitia vipokezi, estrojeni huweza kubadilisha jeni zinazofanya kazi ndani ya chembe. Katika chembe zinazotandika mishipa ya damu, wachunguzi wameona estradioli ikipunguza utengenezaji wa sehemu za oksidesi. Pili, huweza kuzituliza zile kemikali zinazopiga mbiu ya hatari, hivyo askari hawaitwi kwa fujo. Tatu, molekuli ya estradioli ina pete yenye kundi la oksijeni na haidrojeni, ambalo linaweza kuipa radikali haidrojeni na kuituliza papo hapo. Ni kama mtu wa bwenini aliye na pati ya akiba.

Jambo hili hupimwa hivi: nutrofili hutolewa katika damu ya mtu, huwekwa kwenye vyombo vya maabara, baadhi hutiwa estradioli na nyingine huachwa. Kisha zote huchokozwa ili ziwashe moto. Supaoksaidi inayotoka hubadilisha rangi ya protini iitwayo sitokromu, na kifaa hupima badiliko hilo. Katika majaribio kadhaa ya namna hii, nutrofili zilizotiwa estradioli zilitoa supaoksaidi kidogo kuliko zile zilizoachwa.

Hapo hata mimi nilitaka kuruka juu na kusema, "Basi mchuuzi alisema kweli!" Mwalimu akanivuta shati. "Soma kipimo," akasema.

CHOMBO CHA MAABARA SI MWILI WA MTU

Aghalabu estradioli iliyotuliza nutrofili vizuri ilikuwa nyingi kupita kiasi kinachopatikana katika damu. Kwa vipimo vinavyokaribia vya mwilini, matokeo yalikuwa madogo au hayakuonekana, na wachunguzi hawakukubaliana wote. Ile pete ya kutoa haidrojeni nayo huhitaji wingi ambao damu haina. Zaidi ya hayo, majaribio mengine yameonyesha kwamba estrojeni huchelewesha kufa kwa nutrofili, na askari anayekaa kazini muda mrefu anaweza kuunguza zaidi. Isitoshe, katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humshambulia mwenyewe, takriban 9 ni wanawake. Estrojeni basi si maji tu ya kuzimia moto. Ni mkono unaorekebisha utambi wa taa, mara huushusha, mara huupandisha, kulingana na kipimo na mahali.

Wako waliolipima jambo hili kwa watu badala ya vyombo. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliamini kuwa mwanamke akipewa estrojeni baada ya hedhi kukoma, moyo wake utalindwa. Huko Marekani wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 wakajitolea. Nusu walipewa vidonge vya estrojeni pamoja na projestini, wengine wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Mwaka 2002, baada ya miaka 5 na ushei, utafiti huo ulisimamishwa mapema. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, kulikuwa na visa 7 zaidi vya ugonjwa wa moyo, 8 zaidi vya kiharusi, 8 zaidi vya damu kuganda na kuziba mapafu, na 8 zaidi vya saratani ya matiti. Kulikuwa na faida pia: visa 5 pungufu vya kuvunjika nyonga na 6 pungufu vya saratani ya utumbo mpana. Leo madaktari bado huwapa homoni baadhi ya wanawake wanaoteswa sana na joto, hasa wale ambao hedhi yao haijakoma muda mrefu, lakini baada ya kuwapima na kuwauliza historia yao. Si kwa kubahatisha, na si kwa ajili ya kuulinda moyo.

Na vidonge vya kuzima radikali? Huko Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki utafiti wa aina hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini, ile rangi ya karoti iliyosifiwa kuzuia saratani, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Walitarajia ngao, wakapewa mkuki.

NILIVYORUDI KWA MAMA

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika, sikupitia popote. Nilimkuta mama ameketi nje akichambua sukuma wiki. Nilimwamkia, nikamwuliza juu ya vidonge. Chupa ilikuwa imebaki robo. Nikamwuliza juu ya dawa zake za presha. Akatazama chini. "Nilizipumzisha tangu Januari, mwanangu. Si ulisema hivi vinatosha?"

Sikuwa nimesema hivyo. Lakini nilikuwa nimeusifu uongo wa mchuuzi, na mama aliniamini kwa kuwa ni mimi niliyesoma. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Kesho yake tulikwenda pamoja kituo cha afya. Presha ilikuwa 172 kwa 104. Muuguzi hakutugombeza. Alimrudisha mama kwenye dawa zake, akamwambia avae nguo nyepesi za pamba, apunguze chai moto usiku, na akampa siku ya kumwona daktari kuhusu lile joto.

Njiani kurudi nikamweleza mama yote: pati-pati za bwenini, nutrofili na moto wake, estrojeni na utambi wa taa. Nilimweleza kwa Kiswahili, bila kukwama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama moto wa jikoni. Hauzimwi wote kwa sababu uliunguza sufuria siku moja." Nikacheka. Mama, ambaye hakupita darasa la saba, alikuwa amelifupisha somo kuliko kitabu changu.

Wanafunzi wenzangu, wapo wanaodai eti Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Mimi nimeona hasara ya kuiacha sayansi katika lugha ya mtihani pekee: nilipata alama 81, na mama akaacha dawa yake. Ukiulizwa nyumbani jambo ulilojifunza, lieleze kwa lugha ya nyumbani. Ukishindwa, jua kwamba bado hujalielewa, na useme wazi, "Sijui, ngoja nikaulize." Kuuliza si ujinga.

Leo presha ya mama ni 134 kwa 84. Ile chupa bado iko juu ya kabati letu, imebaki robo. Mama amekataa kuitupa. Anasema ni kwa ajili ya kumwonyesha mchuuzi mwingine atakapokuja.